Elimu ya Vijana Wakubwa na Ushirikiano wa Shule na Vyuo

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Migwani akafungua duka huko, ametuletea suala ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa barua ya watu wawili. Asema kwamba mwanawe ana umri wa miaka 16, na mwaka huu wa 2026 ameingia Gredi ya 10 katika shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Kijana ni hodari wa hesabu na hamu yake ni umeme. Shule aliyopangiwa haina karakana wala mwalimu wa fani hiyo. Chuo cha ufundi kipo, wala si mbali, na kina nyaya na vyombo na fundi wa kufundisha. Walakini baba alipokwenda kuuliza, chuo kilimwambia kwamba hupokea walioacha shule, na shule nayo ikamwambia kwamba mwanafunzi wake hawezi kutoka darasani kwenda kusoma kwengine. "Je," auliza ndugu yetu, "nimtoe shule apate ufundi, au nimwache shuleni aikose kazi aipendayo?"

Jawabu letu fupi ni kuwa asifanye hili wala lile kabla ya kuzikutanisha pande hizo mbili. Ama jawabu refu lahitaji maelezo, kwa sababu suala hili latuhusu sisi wa Mombasa na Malindi na Lamu kama limhusuvyo yeye.

Yafaa kwanza msomaji ajue Migwani ni wapi. Ni mji mdogo katika kaunti ya Kitui, juu ya njia itokayo Kitui kwendea Mwingi, nao umo katika eneo la Bunge la Mwingi Magharibi. Nchi yake ni kavu, mvua zake hazitegemewi, na watoto wa mashambani huenda mwendo mrefu kwa miguu kufika shule. Baadhi ya wenzetu wakisikia jina la Kitui hudhani ni nchi isiyowahusu, nao husahau kwamba misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikishusha pembe mpaka Rabai na Mombasa kabla watu wa pwani hawajazoea kupanda bara wenyewe. Mmishenari Krapf alipotaka kuiona nchi hiyo mwaka 1849, na tena mwaka 1851, alimwendea Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyejulikana sana na watu wa Mombasa. Katika mji wa Kitui wapo Waislamu wenye asili ya pwani tangu zamani. Basi mtu wetu aliyefungua duka Migwani hakuenda ugenini kama adhanivyo.

Turudi kwenye elimu. Mfumo mpya wa masomo ya Kenya umeifikia sekondari ya juu mnamo Januari 2026. Waliofika kwanza ni wale waliofanya mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini mwaka 2025, nao ni zaidi ya milioni moja. Hao hawasomi wote masomo mamoja kama walivyosoma kaka zao. Kila mmoja hutiwa katika mkondo mmoja katika mikondo mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au wa elimu za jamii, ambamo mna lugha na dini na historia, au wa sanaa na michezo. Ndani ya mkondo wake huchagua masomo matatu, juu ya yale ya lazima. Na katika hayo ya kuchagua serikali imeweka mambo ambayo shule zetu nyingi hazijapata kuyaona: umeme, useremala, ujenzi, kazi za vyuma, mitambo ya magari, hata elimu ya bahari na uvuvi.

Hayo ni mazuri katika karatasi. Lakini shule ya kutwa ya mashambani yenye walimu kumi au kumi na watano itapata wapi fundi wa umeme na fundi wa vyuma na mwalimu wa muziki? Itachagua yale iwezayo kuyafundisha kwa chaki na ubao, kisha itamwambia kijana kwamba hayo ndiyo aliyoyachagua yeye. Mwenye fedha atampeleka mwanawe katika shule kubwa ya bweni. Asiye na fedha mtoto wake atasoma kilichopo. Kwa hivyo mikondo mitatu itakuwa mitatu kwa mwana wa tajiri, na mmoja kwa mwana wa maskini.

Na jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1985 ulipoingia mfumo wa 8-4-4, uliotokana na tume ya Mackay ya mwaka 1981, kulikuwa na nia njema kama hii. Ilisemwa kwamba mtoto asitoke shuleni na vitabu vitupu, bali ajue pia useremala, kilimo, upishi na ushonaji. Kila shule ikaamrishwa iwe na karakana yake. Wazazi wakachangishwa. Watu waliouza mbuzi kwa ajili ya karada walijenga vyumba vya matofali, vikapigwa mabati, vikangojea vyombo na mwalimu. Shule nyingi vyombo havikufika, na palipofika vyombo hapakufika fundi. Masomo hayo yakapunguzwa kidogo kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi yao yaliondoshwa. Ukitembea leo katika shule za bara na pwani utaviona vyumba hivyo vimefanywa ghala za madawati yaliyovunjika. Kosa halikuwa la wazazi, wala hatusemi ufundi haufai. Kosa ni kuamrisha kila shule iwe na kila kitu, katika nchi ambayo shule kumi zikijumuika ndipo huweza kupata karakana moja iliyo timamu.

Watu wa Ukambani wayajua haya zaidi ya wengi wetu, kwani ni watu waliojijengea wenyewe. Baada ya uhuru wa 1963 shule za harambee zilienea mpaka katika miaka ya 1970 zikazizidi kwa idadi zile zilizosaidiwa na serikali. Migwani nayo ilikuwa na sekondari ya harambee. Mwingereza mmoja, Philip Spires, aliyeifundisha katika miaka hiyo, baadaye alitunga riwaya aliyoiita Mission, na mahali pa hadithi yake ni huko huko. Katika miaka hiyo hiyo Wakamba walichanga tena wakaanzisha Chuo cha Kilimo cha Ukamba, kilichojulikana kwa jina la UKAI, kule Kwa Vonza. Mahala hapo ndipo penye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya leo, kilichopata hati yake mwaka 2013. Twayataja haya ili isisemwe kwamba watu hao ni wavivu wa elimu. Kila walipoambiwa jengeni, walijenga. Hawakuambiwa kwamba waliyoyajenga yangeweza kutumika pamoja.

Ama vyuo vya ufundi vya vijijini vina asili nyengine kabisa. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti juu ya watoto wamalizao darasa la saba wasipate nafasi ya sekondari, wala kazi, wala shamba. Baada yake vikaanzwa vyuo vidogo vya kufundisha useremala, uashi na ushonaji karibu na nyumbani, kwa vyombo rahisi. Hapana aibu kwa Mwislamu kuisifu kazi njema kwa kuwa aliyeitangulia ni Mkristo. Aibu ni kuiona mwaka 1966 na kuingoja miaka sitini bila ya kuiga. Walakini vyuo hivyo vilizaliwa kwa ajili ya waliokosa shule, na alama hiyo haijawatoka. Mpaka leo mzazi akiambiwa mwanawe aende chuo cha ufundi huinamisha uso kana kwamba ameambiwa mtoto wake ni mjinga.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa shule haina karakana na chuo kinayo, na baina yao ni mwendo wa nusu saa, ni nini kizuiacho? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na wengi walalamikao hawapaangalii.

Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imezigawa kazi baina ya serikali mbili. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali kuu. Vyuo vya ufundi vya vijiji, pamoja na shule za chekechea, ni vya kaunti. Basi mwalimu wa hisabati wa shule ya Migwani aajiriwa na Tume ya Walimu, Nairobi, na fundi wa umeme wa chuo kilicho jirani naye aajiriwa na kaunti, Kitui. Mtihani wa huyu watungwa na Baraza la Mitihani la Taifa, na mtihani wa yule watoka kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, iitwayo NITA, au kwa baraza jengine lililowekwa kwa sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013. Wakaguzi wao si wamoja. Wawili hao waweza kusali safu moja au kununua sukari duka moja, na katika kazi zao pasiwe na karatasi hata moja iwaunganishayo.

Kisha kuna fedha. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa amewekewa na serikali kuu shilingi 22,244 kwa mwaka, nazo hupelekwa shuleni kwa hesabu ya vichwa. Si siri kwamba fedha hizo huchelewa, na katika mwaka 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe alikiri mbele ya Bunge kwamba hazina haiwezi kuzitimiza zote. Mwalimu mkuu mwenye wanafunzi mia na hamsini huwahesabu kama mvuvi ahesabuvyo samaki wachache wa dema. Akisikia chuo chataka kuwachukua vijana wake kumi, hata kwa siku moja ya wiki, moyo wake hudhani kwamba wataondoka na fedha zao. Na meneja wa chuo naye hudhani kwamba shule yataka kutumia mbao na nyaya zake bure. Hatuwalaumu. Kila mmoja alinda mlango aliopewa kuulinda.

Walakini sheria hiyo hiyo iliyowatenga haikuwafungia. Kifungu cha 189 cha Katiba chazitaka serikali mbili zisaidiane na zishauriane, na kifungu cha 187 chaziruhusu kukabidhiana kazi kwa mapatano. Tena iko sheria ya mwaka 2014 ya mfumo wa taifa wa vyeti na sifa za elimu, na makusudio yake mojawapo ni kuwa alichokisoma mtu mahala pamoja kihesabiwe akienda mahala pengine, asianze upya. Kwa hivyo asemaye kwamba serikali imekataza jambo hili na atuonyeshe kifungu. Lililopo ni kuwa hapana aliyeamrishwa kulifanya, na katika afisi zetu lisiloamrishwa huonekana kama lililokatazwa.

Wako katika ndugu zetu watakaosema: haya ni mambo ya serikali, chuoni kwetu yaingia kwa njia gani? Twawajibu kwamba wanavyuoni wetu wameyaingia tangu zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya alizihesabu tiba, hesabu, kilimo, ufumaji na ushoni katika faradhi za kifaya, yaani zile ambazo mji ukizikosa wote hupata dhambi, na wakisimama baadhi yao wakazitimiza huwaondolea wengine. Tena akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi huku mji mzima hauna tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Sasa angalia maana ya neno kifaya. Faradhi hiyo haiko juu ya nyumba moja wala juu ya shule moja, iko juu ya mji. Mji ukiwa na karakana moja na shule nne, kilichofaradhishwa ni vijana wa shule nne waifikie karakana ile. Haikufaradhishwa kila shule ijenge yake.

Na desturi yetu ya kusoma ilikuwa hivyo. Mwanafunzi wa zamani hakuwa mali ya chuo kimoja. Alichukua nahau kwa sheikh huyu, fikihi kwa yule, na hisabu ya mirathi kwa wa tatu, na kila sheikh alijua mpaka wake. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufa 1947, ambaye wengi wetu twajinasibisha na mwito wake, alisoma Mombasa kwa jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akavuka Unguja akakaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Hatukupata kusikia kwamba mwalimu wake wa Mombasa alimzuia kwa kuogopa darasa lake kupungua. Lau angalimzuia, pwani yote ingalipata hasara.

Wala si katika elimu ya dini tu. Mfano mkubwa uko Mombasa, na vijana wetu hupita mbele yake kila siku bila ya kujua asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waislamu wa Afrika Mashariki walikuwa nyuma mno katika ufundi, na hapana jamaa miongoni mwao iliyoweza peke yake kujenga chuo cha maana. Ndipo ikachangwa fedha ya wengi: Sultani wa Zanzibar alitoa, Agha Khan alitoa, Mabohora walitoa, na serikali ya Kiingereza nayo ikatia mkono. Hawa si watu wa madhehebu moja, na mengi yaliwafarikisha. Hata hivyo mwaka 1948 ikaasisiwa taasisi ya Kiislamu ya elimu iliyojulikana kwa jina la MIOME, na mwaka 1951 ikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka 1966 ikageuzwa chuo cha ufundi cha Mombasa, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lau kila jamaa ingalishikilia kuwa na chake, leo tungalikuwa na vibanda vinne visivyo na mashine.

Twasema haya kwa kuwa twaona sasa mambo yakienda kinyume. Katika mtaa mmoja wa Mombasa waweza kukuta shule tatu za Kiislamu, kila moja na chumba chake cha tarakilishi zilizochakaa, kila moja na maabara nusu, na kila moja yatangaza kuwa ndiyo bora. Hapana hata moja iliyofikiri kumpeleka mwanafunzi kwa jirani yake siku ya Jumanne.

Haki yataka pia tuseme kwamba kushirikiana si jambo jepesi, hata kwa wenye mali. Uingereza mwaka 2008 ilianzisha hati mpya, iliyoitwa Diploma, kwa vijana wa miaka 14 hadi 19. Sharti lake lilikuwa shule, vyuo na waajiri wa kila mtaa waungane, kwani hapana shule moja iliyoweza kuitoa yote. Fedha zilitengwa, mikutano ikafanywa, mabasi yakakodiwa. Serikali iliyokuja mwaka 2010 ikaacha kuisukuma, na kufikia 2013 ilikuwa imekwisha. Ilikuwa na mambo mengi mno ndani yake, ratiba za shule hazikulingana na za vyuo, wanafunzi walikuwa wakipoteza saa nzima njiani, na waliojiunga walikuwa wachache kuliko walivyotarajiwa. Wajerumani mambo yao yamesimama, na sheria yao ya mafunzo ya kazi ni ya mwaka 1969. Kijana wao huigawa wiki yake baina ya mahala pa kazi na shule ya ufundi, na kila mtu ajua siku gani ni ya nani. Kwa hivyo linaloamua ni ratiba na njia na daftari, kabla ya hotuba.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa Migwani kwa urefu.

Asimtoe kijana shule. Mwenye hesabu nzuri akiacha shule kwa kupenda nyaya, atakuwa fundi wa kubadilisha balbu na hatapanda zaidi, kwa kuwa umeme wa leo watakiwa hisabati na fizikia. Wala asiikatae hamu ya kijana. Akusanye kwanza wazazi wengine watano au sita wenye vijana wa hamu hiyo, kwa sababu mwalimu mkuu hawezi kuigeuza shule kwa ajili ya mtoto mmoja, na kwa ajili ya vijana kumi aweza kufikiri. Kisha waende kwa bodi ya shule na kwa meneja wa chuo, wakiwa na ombi dogo lijibikalo: alasiri moja kila wiki, siku ijulikanayo, vijana wale waende karakana ya chuo wakiwa na mwalimu mmoja wa shule, na daftari ya mahudhurio isainiwe pande zote mbili. Hesabu ya vichwa ibaki ya shule. Chuo kilipwe kwa nyaya na swichi zitakazotumika, na wazazi walijue deni hilo mapema.

Kisha shule nayo ilipe kwa namna yake, na hili ndilo twalipenda kuliko yote. Chuoni wamo vijana walioacha shule kidato cha pili au cha tatu, mikono yao ni mizuri na hesabu zao ni mbovu. Hawawezi kusoma ramani ya nyumba wala kuandika bei ya kazi. Mwalimu wa hisabati wa sekondari akienda chuoni saa mbili kwa wiki, na mwalimu wa Kiingereza saa moja, chuo kitaona kwamba hakikuibiwa. Na siku kijana wa kwanza darasani atakapoonekana karakanani na ovaroli kando ya yule aliyeacha shule, ile aibu tuliyoitaja itaanza kupungua, na mahubiri yetu hayatahitajika.

Kuhusu vyeti, wasingoje wizara. Kijana aliyehudhuria karakana miaka mitatu ya sekondari ya juu aweza kusajiliwa kwa mtihani wa NITA wa daraja la tatu kupitia kituo kilichoidhinishwa. Atatoka na hati mbili, ya shule na ya ufundi, na akiwa hana karo ya chuo kikuu ana cha kuanzia kazi. Hili liulizwe mwanzo wa mwaka wa kwanza, lisingojwe mwisho wa wa tatu.

Tusiwasahau wasichana. Twajua baba wengi wa pwani, na wa Ukambani pia, watamkubalia mvulana kwenda chuoni alasiri na watamkatalia binti. Khofu yao ina sababu, lakini dawa yake ni mpango. Waende pamoja, awepo mwalimu wa kike, saa ya kurudi ijulikane, na wasiachiwe kurudi magharibi peke yao. Wala wasichana wasifungiwe katika ushoni tu. Hata ushoni wenyewe si kazi ya kudharauliwa: kaunti ya Kitui ina kiwanda chake cha nguo, KICOTEC, kule Syongila, kilichoshona barakoa kwa maelfu wakati wa maradhi ya mwaka 2020. Kiwanda kama hicho ni shule kwa yule aliyefundishwa kipimo na mashine, na ni mlango uliofungwa kwa yule aliyefundishwa kutia kifungo.

Na sisi wa pwani tufanye yetu. Mombasa kuna Chuo cha Bandari, kuna Kenya Coast National Polytechnic, na kuna hicho chuo kikuu kilichotokana na sadaka za wazee wetu. Somo la bahari na uvuvi limo katika mfumo mpya, na shule zilizo ufukweni hazina hata mashua. Wasimamizi wa shule zetu za Kiislamu wangekutana mara moja, bila ya chakula wala mgeni wa heshima, wakaandika katika karatasi moja: nani ana maabara, nani ana karakana, nani ana mwalimu wa Kiarabu aliye timamu, na nani ana gari linalolala bure mchana. Twadhani karatasi hiyo ingewashangaza wao wenyewe.

Wakati wa kuyafanya haya ni kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa. Ratiba ya shule hupangwa likizo ya Desemba, na ombi likifika Februari hukuta kila saa imekwisha gawiwa. Mwaka huu umekwisha kuanza, kwa hivyo wazazi wa Migwani waombe kwanza alasiri ya Ijumaa au asubuhi ya Jumamosi, ambazo hazimvunjii mtu darasa lake, na waandike barua ya mwaka 2027 mapema, nakala moja kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo aliye chini ya Nairobi, na nakala ya pili kwa idara ya kaunti iliyo na vyuo, kule Kitui.